Kupanda, Tanguliza Mguu Mzima

Ngazi za nyumba kongwe za Mji Mkongwe hazina huruma kwa mgonjwa. Ni nyembamba, zimesimama wima, na vidato vyake havilingani kimo. Asubuhi moja, katika nyumba moja ya Malindi, nilimwona mzee aliyepata kiharusi miezi mitatu nyuma akizipanda kwa mara ya kwanza tangu arudishwe kutoka hospitali. Msichana aliyekuja kumfanyisha mazoezi alisimama kidato kimoja chini yake, upande wa kushoto ambao ndio uliolegea, kiganja kimoja kiunoni mwa mzee na kingine kikisubiri hewani. "Mzee wangu, tukipanda tunatanguliza mguu mzima. Tukishuka, tunatanguliza mgonjwa." Mzee aliyarudia maneno hayo kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura, akashika kamba ya ukutani, akapanda. Vidato vinane vilichukua karibu robo saa. Alipofika juu alikaa, akatweta, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akaomba kahawa.

Mtaani pale msichana yule huitwa daktari wa mazoezi. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye shahada yake. Baba yake alipopooza, aliishuhudia kazi ya mtu aliyemrudisha mzazi wake kwenye miguu, akaitamani kazi hiyo. Alipouliza njia, aliambiwa kwamba shahada aliyonayo haimpunguzii hata muhula mmoja. Aanze mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita. Alianza. Wengi wengine wanaouliza kama alivyouliza yeye hupiga hesabu ya miaka, wakanyamaza.

Basi mtu mwenye shahada tayari, akitaka kuwa mtaalamu wa fiziotherapia hapa Unguja, njia yake iko wapi? Inamgharimu nini, na kisiwa kinapata au kinapoteza nini anapoifuata au anapoiacha? Kwa maoni yangu njia iliyopo ni moja tu, na ilichongwa kwa kipimo cha kijana wa miaka 19. Tuna sababu za kutosha za kuchonga ya pili, ilimradi tusikubali iwe ya mkato.

Zaidi ya kuchua

Mtu wa pwani akisikia tiba ya viungo, humjia kwanza mchuaji: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mikono yenye nguvu, na mkunga anayemkanda mzazi kwa maji ya moto ndani ya arobaini. Urithi huo una thamani yake, na fiziotherapia ilizaliwa jirani nao. Pehr Henrik Ling alifungua chuo chake cha mazoezi ya mwili Stockholm mwaka 1813. Uingereza, mwaka 1894, wauguzi wanne waliunda chama cha wachuaji waliosomea ili kulinda heshima ya kazi yao, na chama hicho ndicho leo kinachoitwa Chartered Society of Physiotherapy. Majeruhi wa vita viwili vya dunia na watoto waliopoozwa na polio waliifanya fani hiyo itoke kwenye kuchua peke yake na kupata nafasi yake kamili hospitalini. Mwaka 1951 vyama vya nchi 11 vilikutana Copenhagen vikaunda shirikisho la dunia.

Mchuaji hushughulikia pale panapouma. Mtaalamu wa fiziotherapia huuliza kwa nini panauma, kisha huuliza jambo la pili lenye uzito zaidi: mtu huyu anataka kurudi kufanya nini? Unguja, majibu ni ya Unguja. Mzee anataka kusujudu na kukaa tahiyatu, jambo linalotaka goti na kifundo vikunjike kuliko vinavyokunjika kwa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa. Bibi anataka kukaa juu ya mbuzi akune nazi. Aliyepooza mkono wa kulia anataka kuutumia mkono huohuo kulia chakula mbele ya wageni. Mwanamke wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani kimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, anataka kuinama majini saa nzima bila kiuno kumkatika. Kila jibu hapo linageuka lengo la tiba, na kulifikia kunahitaji mtu anayeijua misuli, neva, moyo na mapafu, na anayejua lini zoezi linaponya na lini linaumiza.

Wanaosubiri

Sensa ya 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773. Miongoni mwao wanaohitaji mkono wa mtaalamu huyu ni wengi kuliko tunavyowaona, kwa sababu wengi wamelala ndani.

Kiharusi kiko mbele. Shinikizo la damu na kisukari vimeenea mjini na shamba, na anayenusurika hubaki na upande mmoja usiomtii. Ubongo hujipanga upya kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, na hapo ndipo familia nyingi hushughulikia kwanza upepo na kombe. Sina ugomvi na dua, mgonjwa anaihitaji. Lakini dua na mazoezi huweza kwenda pamoja tangu wiki ya kwanza, kabla kiungo hakijakakamaa na mgongo haujafanya vidonda vya kulala.

Wa pili ni walioumia. Bodaboda na vespa huleta miguu iliyovunjika. Mnazi huleta jambo zito zaidi: mkwezi akiteleza kutoka juu, uti wa mgongo unaweza kukatika mawasiliano, na kijana aliyekuwa akiilisha nyumba akarudi kwenye kiti mwendo. Anahitaji kufundishwa kujigeuza kitandani, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kulinda ngozi asiyoihisi. Hakuna kidonge cha mambo hayo.

Wa tatu ni watoto. Tangu 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED kutoka Hispania, na watoto wenye vichwa vikubwa na migongo wazi hupasuliwa hapahapa. Upasuaji humalizika kwa saa chache. Kumfundisha mtoto huyo kukaa na kusimama huchukua miaka. Hali ni hiyo kwa mwenye mtindio wa ubongo. Hata mguu kifundo, unaonyooshwa kwa plasta za kila wiki kwa njia ya Ponseti, hurudi kupinda kama viatu maalumu havikuvaliwa usiku hadi mtoto afike miaka minne hivi, na anayemkumbusha mama miaka yote hiyo mara nyingi ni mtu wa chumba cha mazoezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali inayoweza kunufaika na huduma za utengamao, na mwaka 2023 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo. Hapa kwetu azimio hilo lina maana ya jambo dogo la kila siku. Mgonjwa wa Nungwi, kilomita zaidi ya 50 kutoka mjini, anaambiwa aje mara tatu kwa wiki. Atapanda daladala vipi na mguu haujui kukanyaga? Akija mara mbili, mara ya tatu haji.

Njia iliyopo

Hapa kuna fundo ambalo wengi hawalioni. Afya si jambo la Muungano. Hospitali, nafasi za kazi na mishahara ya Unguja ni za Serikali ya Mapinduzi. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Programu za shahada na sifa za udahili husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mtu anayetaka kuwa mtaalamu wa mazoezi anasimama kati ya mamlaka hizo mbili: anayejua upungufu wa watumishi wa Makunduchi siye anayeamua nani aingie darasani.

Kwa miaka mingi darasa lenyewe limekuwa ng'ambo ya bahari, chini ya Kilimanjaro. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mji ule ukawa kitovu cha fani za utengamao: skuli ya fiziotherapia iko pale, na tangu 1981 iko pia TATCOT, inayofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Baadaye fani ikapanda kutoka stashahada ya miaka mitatu hadi shahada. Shahada ni ya miaka minne, kwa mwenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha sita au mwenye stashahada ya fani hiyo, kisha hufuata mwaka mmoja wa mafunzo tarajali kabla ya usajili kamili. Wengine huenda India, ambako kwa muda mrefu shahada ilikuwa ya miaka minne na nusu pamoja na mafunzo ya wodini, kisha hurudi na vyeti vyao ili vitambuliwe.

Mfanyie hesabu sasa mwalimu wetu wa baiolojia. Shahada ya kwanza miaka mitatu, ya pili minne, na utarajali mmoja: miaka minane tangu atoke sekondari, bila kuhesabu aliyofundisha katikati. Akianza upya na umri wa miaka 26, anatoka na 31. Katika muda huo hana mshahara. Kama ni mama, mtoto amebaki kwa bibi yake Kwahani na yeye yuko Moshi. Na mkopo? Ofisa wa mikopo mwenye foleni ya vijana wa kidato cha sita mbele yake ana haki ya kuuliza kwa nini fungu la umma limsomeshe mtu shahada ya pili wakati mwenzake hana hata ya kwanza. Si swali la roho mbaya, na anayedai njia ya pili lazima alijibu.

Gharama nyingine haipimwi kwa shilingi. Mwalimu huyo anakalishwa tena kusikiliza chembe hai ni nini, somo ambalo jana alikuwa akilifundisha. Mfumo unamwambia kwamba alichokijua hakina uzito. Mtu mzima huumia kwa hilo kuliko kwa ada.

Uzamili wa aina mbili

Wenzetu wamelijibu swali hili kwa namna tofauti. Marekani imekwenda mbali kuliko wote: Chuo Kikuu cha Creighton kilianzisha mwaka 1993 programu ya kuingia kwenye fani kwa shahada ya udaktari, na leo vyuo vyote vya huko vinavyofundisha fiziotherapia hutoa shahada hiyo. Mwanafunzi humaliza kwanza shahada yoyote yenye masomo ya sayansi yanayotakiwa, ndipo husoma takriban miaka mitatu. Kanada hufundisha kwa ngazi ya uzamili. Chuo Kikuu cha Melbourne hupokea wahitimu kwa programu ya miaka mitatu. Uingereza imeacha njia mbili wazi: kijana wa sekondari huingia kwa shahada ya kwanza, na mhitimu wa fani ya karibu huingia kwa uzamili wa miaka miwili, wote wakisajiliwa na baraza moja kwa sifa zilezile.

Mfano wa Uingereza ndio unaotufaa zaidi. Wa Marekani ungekuwa mzigo kwetu. Kumlazimisha kila mtu asome miaka saba ni kuwapunguza wataalamu mahali ambapo ni haba. Njia mbili zinazokutana kwenye usajili mmoja humruhusu kijana wa kidato cha sita aendelee kama kawaida, na mhitimu aingie bila kumnyang'anya kiti.

Lakini hapa pana mtego uliowanasa watu, nami nawasihi vijana wausome vizuri. Neno uzamili lina maana mbili katika fani hii. Upo uzamili wa kuingilia, unaomchukua mhitimu wa fani nyingine na kumtoa akiwa na haki ya kusajiliwa. Na upo uzamili wa kubobea, wa mtu aliye tayari mtaalamu, anayezamia neva, watoto, michezo au utafiti. Wataalamu wengi wa Afrika Mashariki wameusoma huo wa pili katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, na wamerudi kuwa walimu. Mhitimu wa baiolojia anayejiandikisha ughaibuni kwenye uzamili wa sayansi ya mazoezi au ya michezo anaweza kurudi na cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, akaambiwa hawezi kumgusa mgonjwa. Kabla ya kulipa hata senti, muulize msajili wa chuo jambo moja: mhitimu wenu husajiliwa na baraza kuwa mtaalamu wa fiziotherapia, ndiyo au hapana? Kisha uliza huku nyumbani kama usajili huo utatambuliwa.

Ada nayo isisahauliwe. Kwa mwanafunzi wa kigeni, mwaka mmoja wa masomo Uingereza au Marekani hula mishahara ya miaka mingi ya mtumishi wa kawaida wa Unguja. Anayesoma kwa deni la namna hiyo hana budi kufanya kazi kule ili alilipe, na Nungwi itaendelea kusubiri.

Kisichofupika

Wapo wataalamu wanaokunja uso wakisikia habari ya kumchukua mwalimu au mhitimu wa kemia na kumgeuza kuwa mtaalamu wa mazoezi kwa muda mfupi zaidi. Hofu yao ni ya haki. Mikono haisomi kwa kitabu. Uingereza hudai mwanafunzi awe na saa takriban 1,000 za kazi ya vitendo kwa wagonjwa, na huyo wa uzamili hapunguziwi hata moja. Mwanafunzi lazima aushike mguu uliolegea na ule uliokaza mpaka vidole vyake vijue tofauti kabla hajafikiri. Lazima asikie kifua cha mtoto mwenye nimonia, amsimamishe mtu aliyetoka kupasuliwa jana, na siku moja ajue kusema: leo hatufanyi zoezi, mrudisheni kwa daktari.

Kinachoweza kufupishwa ni kile alichokwisha kukijua: kemia ya mwili, takwimu, namna ya kuusoma utafiti, na sehemu ya fiziolojia. Huko kunaweza kuokolewa mwaka mzima, labda zaidi, na hakuna mgonjwa atakayedhurika.

Zaidi ya hayo, mhitimu huja na kitu ambacho mtaala hauwezi kukipandikiza kwa urahisi. Nusu ya kazi hii ni kufundisha. Mtaalamu huwa na mgonjwa nusu saa, na saa zilizobaki za siku mgonjwa yuko na mkewe, binti yake, mjukuu wake. Wasipoelewa, zoezi linakufa mlangoni. Mwalimu anajua kulivunja somo vipande vidogo. Anajua kulisema kwa Kiswahili kinachoingia, jambo zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa fani husomwa kwa Kiingereza na mgonjwa wa Bumbwini anasubiri aambiwe akaze tako, anyooshe goti, avute pumzi hadi tumboni. Mtu mzima anajua pia adabu ya nyumba za watu: kubisha hodi, kumwamkia bibi kabla ya kumgusa, kumwita binti wa nyumba asimame karibu mgonjwa anapokuwa mwanamke na mtaalamu ni mwanamume. Stara ikivunjwa siku ya kwanza, siku ya pili mlango haufunguliwi.

Darasa la Mbweni

Zanzibar imeshawahi kufanya jambo la namna hii. Kuanzia 2007 madaktari walifundishwa visiwani humu kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, wakati wengi waliamini kwamba daktari hawezi kupikwa hapa. Leo Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kina skuli yake ya afya, iliyokipokea pia Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni. Hospitali ya Mnazi Mmoja imeshirikiana kwa miaka mingi na hospitali ya Haukeland ya Bergen, Norway. Hospitali mpya 10 za wilaya zimejengwa, na Lumumba imekuwa hospitali ya mkoa. Kuta zipo, kinachotakiwa ni watu wa kuingia ndani yake.

Napendekeza programu ya kuingilia ya miaka mitatu kwa wahitimu wa sayansi, Mbweni, ikiwa imefungamana na Moshi kwa walimu na mitihani, na ikiwa imepitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa kipimo kilekile cha shahada ya kawaida. Wanafunzi wawe wachache. Saa za vitendo zigawanywe kati ya Mnazi Mmoja na hospitali za wilaya, ili anayesomea Kivunge aone mgonjwa wa Kivunge anavyoishi. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, uliokuwapo tangu 1985, upewe saa zake rasmi za kufundisha, kwa maana hakuna anayejua kiti mwendo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kuliko anayekiendesha. Na anayesomeshwa kwa fedha za umma aweke saini ya kutumikia wilayani kwa miaka iliyotajwa. Hilo ndilo jibu la ofisa wa mikopo: anayelipiwa shahada ya pili anailipa kwa mikono yake, mahali ambapo hakuna mwingine.

Yote hayo yatakuwa bure kama hakuna nafasi ya kazi. Mtaalamu aliyehitimu akakosa chumba, kitanda cha mazoezi na mshahara atakwenda hoteli ya ufukweni kuwachua watalii, au atapanda ndege. Kwa hiyo kabla ya darasa, ikama. Kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi mbili za mazoezi kwenye orodha ya watumishi, angalau moja ya mwanamke. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, uyatazame mazoezi kama tiba kamili, na uyalipie kwa mfululizo wa vipindi, kwa sababu kipindi kimoja hakijawahi kumnyoosha mtu.

Mpaka njia hiyo ijengwe, mhitimu mwenye nia atakanyaga ile iliyopo. Namshauri aanze kwa kukaa wiki kadhaa katika chumba cha mazoezi, kwa ruhusa, akitazama tu. Aone mgonjwa yuleyule siku ya kwanza na siku ya ishirini. Atakayechoka kutazama ataokoa miaka mitano. Atakayetoka na hamu zaidi ameshapata sehemu ya jibu lake, na anastahili nchi impe sehemu iliyobaki.

Yule mzee wa Malindi sasa hushuka mwenyewe hadi barazani baada ya sala ya alasiri, mguu mgonjwa ukitangulia. Kupanda hutanguliza ule mzima, kwa kuwa ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili wote hadi kidato cha juu, na mgonjwa hufuata nyuma. Mwalimu mwenye shahada, mwenye subira na mwenye lugha ya watu wake ni mguu mzima wa kisiwa hiki. Tumekuwa tukimwambia aurudishe chini, asimame kwenye kidato cha kwanza na kuanza upya.